Ndege ya Mtaa wa Sikukuu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
14 Januari 2023

Mwanangu Rahaf,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na baridi ya ziwani haikusumbui kifua. Mimi hapa sijambo, namshukuru Mungu. Duka lipo, magoti yapo, kelele za Kariakoo ni zilezile ulizoziacha. Jirani yetu Madhuben anakusalimu sana. Anasema kama huko Mwanza hakuna kitambaa cha maana, umtajie rangi tu, atakukatia kutoka dukani kwake.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Wewe ukisema "Baba," mimi nasema "Sikia kwanza," na kabla salio halijaisha tumeshakatiana wenyewe. Kwenye karatasi mtu hawezi kumkatiza mwenzake. Barua nimempa kondakta wa basi la Mwanza, kijana mwaminifu, ananunua plagi kwangu.

Ndege ninayoijenga imefika kwenye hatua ya umeme. Ipo palepale uani, chini ya mabati. Mwili umekwisha, injini nimeifunga, mabawa nimeyaegemeza ukutani upande wa Madhuben. Wateja wanachungulia kupitia mlango wa nyuma wananiuliza, "Mzee Mbaruk, kweli hii itaruka?" Nawajibu, haijakataa bado.

Sasa nimekwama. Nimeuza spea za magari tangu hujazaliwa, na umeme wa gari naujua. Lakini gari likizima unashuka unasukuma. Ndege nitashuka niende wapi? Ramani ya nyaya nimeitandaza mezani wiki nzima, kila nikiitazama naona mtu kamwaga tambi.

Najua kile chumba cha cherehani cha marehemu mama yako kimekukaa rohoni. Ulikuja baada ya arobaini ukakuta mbavu za ndege pale alipokuwa anakaa kushona. Ukachukua begi ukaondoka. Sikuombi uipende ndege hii. Nakuomba uniambie tu, umeme wake unaanzia wapi?

Baba yako,
Mbaruk


Mwanza
3 Februari 2023

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kizima, kazi nyingi. Nimefurahi kusikia hujambo. Msalimie sana Mama Madhuben, mwambie nataka kijani kibichi, ile ya majani ya mgomba machanga, mita tatu.

Barua yako niliisomea stendi, halafu nikaisoma tena karakanani nikiwa nimekaa juu ya tairi la ndege ya watu. Nilikuwa nimejiapiza sitaigusa ndege yako hata kwa mdomo. Lakini mtu akiniuliza umeme unaanzia wapi siwezi kunyamaza, ndiyo kazi niliyosomea na ndiyo inayonilisha.

Umeme unaanzia kwenye betri na unarudi kwenye betri. Kila waya unaoupitisha, jiulize utarudi kwa njia gani. Ukishindwa kujibu, usiuunganishe.

Rilei, zile swichi za sumaku, unazijua kwenye magari, ila kwenye ndege nataka uziheshimu zaidi. Swichi ya dashibodi ni ndogo, haiwezi kubeba mzigo wa stata. Kazi yake ni kuiamsha rilei tu, na rilei ndiyo inayobeba. Utakuwa na rilei mbili kubwa. Moja ni kuu, inakaa karibu na betri. Ukizima swichi kuu, ndege yote inakufa. Ya pili ni ya stata, na lazima ichukue umeme wake BAADA ya ile kuu. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa makusudi. Kuna na rilei ndogo ya taa. Isikaribie stata.

Kila rilei kubwa uifunge dayodi, kile kidude cheusi chenye mstari mweupe. Rilei ikizimwa hutema umeme kurudi nyuma. Dayodi inaumeza, la sivyo swichi yako inaungua polepole bila wewe kujua.

Usitumie waya wa gari. Plastiki yake ikiungua moshi wake unaua, na huko juu huwezi kufungua mlango ukapunga hewa. Ndani ya boksi hili nimekuwekea nyaya za ndege. Nyekundu ni za umeme mkuu, kijani ni za pampu ya mafuta, nyeupe za taa, nyeusi za kurudi. Nimeweka na koleo la kubania vichwa vya nyaya. Ukishabana, vuta kwa nguvu. Kikichomoka, bora kichomokee mkononi mwako.

Chumba cha mama tusikiongelee kwa sasa.

Mwanao,
Rahaf


Kariakoo
12 Machi 2023

Mwanangu mpenzi Rahaf,

Marahaba, marahaba sana. Sisi hapa wazima, tunajiandaa na mwezi mtukufu. Tende zimejaa mtaani. Kitambaa chako Madhuben amekikata, lakini amesema hakipakii kwenye basi. Utakuja kukichukua mwenyewe. Nikamwambia, hiyo biashara gani? Akasema, "Hii siyo biashara, Bwana Mbaruk."

Mwanangu, boksi lako limenipa ujana. Kila alasiri nikishafunga mahesabu naingia uani na redio yangu. Nakata, nabana, navuta. Navuta kweli, kama ulivyosema, mpaka Madhuben akaniuliza upande wa pili wa ukuta nagombana na nani. Rilei zote nimeshazifunga. Zile nyaya za buluu nimezipeleka kwenye pampu, zimekaa vizuri sana, nimezifunga pamoja kama nywele za mtoto wa shule. Swichi nimezipanga dashibodi, zote sita. Nikikaa kwenye kiti na kuzigusa moja moja, klik, klik, nasahau kula.

Samahani kwa mwandiko. Kalamu hizi za siku hizi zinataka nafasi kubwa.

Kila ninapobana waya nakuona ukiwa mdogo, umekaa juu ya kaunta unapanga fyuzi kwa rangi zake, na mama yako anasema mtoto wa kike atakuja kunuka grisi. Umenuka, alhamdulillahi.

Wiki hii nafunga dayodi, halafu najaribu stata.

Baba yako akupendaye,
Mbaruk


Mwanza
20 Machi 2023

Baba,

Shikamoo. Ramadhani njema. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na ninaomba usinikasirikie. Sikukutumia waya wa buluu hata mmoja. Nilikutumia kijani.

Nimechukua barua yako ya Januari nikaiweka kando ya hii ya Machi. Ya Januari ukurasa mmoja ulitosha. Ya Machi ni kurasa nne, na maneno ni yaleyale kwa wingi. Kalamu haina kosa, Baba. Tangu lini huoni vizuri?

Naomba uchomoe betri. Usijaribu stata. Usijaribu kitu chochote mpaka mtu mwenye macho mazima aukague kila waya. Halafu nenda kliniki ya macho, na mtu akushike mkono kuvuka barabara.

Nimejaribu kukupigia, simu inaita tu. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Rahaf


Mwanza
9 Mei 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Idi imepita sijasikia sauti yako. Nilipiga simu dukani kwa Mama Madhuben, akasema upo, unakula, unafungua duka. Nilipomuuliza kuhusu ndege akasema mteja ameingia, akakata simu. Mama Madhuben hajawahi kunikatia simu maisha yake yote.

Kama nimekukosea kwa kusema habari ya macho, nisamehe. Sikusema ili nikuaibishe. Hapa karakanani naweza kuangalia waya uliokufa nikajua umekufia wapi, lakini ukimya wako sijui niushike mwisho gani.

Kondakta nimemwambia asirudi Mwanza bila karatasi yako. Amecheka, lakini mimi sikuwa natania.

Mwanao,
Rahaf


Kariakoo
4 Juni 2023

Rahaf mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Naandika kwa herufi kubwa, sina tena cha kuficha.

Barua yako ya Machi ilinikuta nimeshajaribu. Sikiliza yaliyotokea.

Ilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri. Nilikaa kwenye kiti, nikawasha swichi kuu, nikabonyeza stata. Pangaboi la mbele likazunguka. Nilifurahi mwanangu, nilipiga kelele kama mtoto. Madhuben akasikia, akaja kwa mlango wa uani kutazama. Nikaachia kitufe. Pangaboi halikusimama.

Nikazima swichi kuu. Likaendelea. Nikazima na nyingine zote, nikaziwasha, nikazizima. Madhuben alikuwa anasema, "Bwana Mbaruk, zima basi, nimeshaona," naye anasogea mbele akidhani namwonyesha. Upepo ukainua upindo wa sari yake, pangaboi likaushika.

Kitambaa kilichanika. Kingekuwa kipya kisingechanika. Yeye aliangukia kwenye mapipa, na ile sari ikawa inazunguka pale mbele yangu, ya rangi gani mpaka leo sijui. Nilishuka nikang'oa klipu ya betri kwa mkono. Kiganja kimeungua kidogo, kimeshapona.

Alikaa chini muda mrefu. Nikamletea maji. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Hukuniona nimesimama wapi?" Nikamwambia nilimwona. Akaniambia, "Huo ni uongo. Nimekuwa jirani yako tangu mume wangu Harilal yuko hai, hujawahi kunidanganya."

Fundi wa magari wa mtaa wa pili alikuja kuangalia. Rilei ya taa nilikuwa nimeiweka kwenye stata, maandishi yake sikuyaona. Imeshikana ndani kwa joto. Na stata yenyewe nilikuwa nimeiunganisha moja kwa moja kwenye betri, kabla ya rilei kuu. Ulikuwa umeandika kwa herufi kubwa, nikashika waya mwingine nikidhani ndio.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa kliniki aliniambia mwaka jana. Alisema ni operesheni ndogo. Mwanangu, na ile ya mama yako walisema ndogo. Aliingia akitembea, akanipa bangili zake nimshikie. Bangili bado ninazo, yeye nilimpokea kwenye machela. Siwezi kuingia kwenye mlango ule. Bora nione ukungu.

Ndege nitawapa wanunuzi wa vyuma chakavu wakate alumini yao. Usijisumbue tena na nyaya.

Baba yako,
Mbaruk


Mwanza
11 Juni 2023

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole. Pole ya mkono, pole ya moyo. Mpe pole Mama Madhuben, nimempigia na tumelia wote wawili, halafu akaniambia sari yenyewe hakuipenda, aliletewa na wifi yake.

Usiiuze ndege. Nimeshangaa mwenyewe kuandika hivi.

Nataka nikuambie kilichonikaa rohoni. Hakikuwa chumba. Nilipokuja baada ya arobaini nilidhani nitakukuta umekaa, tukae wote, tumlilie mama mpaka tuchoke. Nikakukuta unapiga misumari ya alumini. Nikasema moyoni, huyu hana habari. Leo nimesoma kwamba bangili bado unazo. Kumbe ulikuwa unapiga misumari ili usisikie nyumba ilivyo kimya. Mimi nilikimbilia Mwanza kwa sababu hiyohiyo.

Sasa habari ya macho. Mama alikuwa na moyo mbovu kabla hajaingia, wewe unajua na mimi najua, hata kama hatujawahi kulisema. Ya macho hulazwi usingizi. Wanatia dawa ya ganzi, unakuwa macho, unaongea na daktari. Nimeongea na wagonjwa watatu hapa Mwanza, mmoja ni mama muuza dagaa, alirudi sokoni wiki hiyohiyo akawakuta waliokuwa wanampunja.

Nimeomba likizo ya Agosti. Tufanye hivi. Mimi nakuja, nauchomoa kila waya uliouweka, naanza upya. Wewe unaingia kwenye mlango ule, jicho moja kwanza. Nitakuwa nimekaa nje na bangili nitazishika mimi. Usipoingia, mimi siushiki hata waya mmoja. Siongezi, sipunguzi.

Nijibu neno moja tu. Usitumie karatasi nne.

Mwanao,
Rahaf


Kariakoo
17 Juni 2023

Njoo.

Baba


Kariakoo
24 Septemba 2023

Mwanangu Rahaf,

Assalaam aleikum. Natumai umefika salama na mabosi wako hawakununa kwa zile siku ulizoongeza. Sisi hapa wazima kabisa, na safari hii neno mzima nalisema kwa uhakika. Tazama mwandiko wangu. Ukurasa mmoja!

Jicho la pili walinifanyia Jumanne. Madhuben alinisindikiza, akakaa kwenye benchi ulilokaa wewe, na bangili zile akazishika yeye. Nesi akamuuliza kama ni mke wangu. Akasema, "Mimi ni jirani yake, ndiyo maana nimekuja." Sikuogopa kama mara ya kwanza. Ile ya kwanza niliogopa mpaka daktari akaniuliza nasali kwa lugha gani.

Hukuwepo walipofungua bandeji ya pili, acha nikueleze. Nilitoka nje nikaona mtaa. Rangi zote zilikuwa zinanipigia kelele, khanga, ndoo, pikipiki, machungwa. Nilidhani watu wa Kariakoo wamepaka upya kila kitu kwa ajili yangu. Nilipofika nyumbani nikaenda moja kwa moja uani.

Ulipokuwa unafanya kazi mwezi uliopita mimi nilikuwa nimelala barazani na jicho limefungwa, nasikia koleo lako tu. Nilikuwa nasikia unabana, unavuta, unanyamaza kidogo, halafu unabana tena. Nilijua lini umepatia na lini umekasirika. Nilikuwa sijasikia mtu akifanya kazi katika nyumba ile tangu cherehani ya mama yako. Sikukuambia, nilikuacha ukidhani nimelala.

Sasa nimeiona kazi yenyewe. Nimeingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi. Kila waya una namba yake, kila kifungo kiko umbali mmoja na mwenzake, kijani ni kijani. Nilikaa pale chini mpaka shingo ikakakamaa. Mwanangu! Nimezaa fundi.

Kuna jambo moja. Ndege haipiti mlangoni. Nilipoanza kujenga nilipima mlango, nikasahau kupima na injini. Madhuben amesema tubomoe ukuta wake.

Baba yako,
Mbaruk


Mwanza
26 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo kabisa, nashukuru. Nilipopata picha za ukuta nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuangalia. Ndege inapita katikati ya duka la vitambaa, na Mama Madhuben kasimama juu ya stuli anawafokea wabebaji wasiguse hariri! Picha ile ya mtaani nimeibandika kwenye kabati langu la vifaa, ile mnayoisukuma Jumapili asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, na mama ntilie ameinua sufuria yake kupisha.

Nimefurahi mkaguzi wa ndege ameipitisha. Aliponipigia kuniuliza maswali ya nyaya nilijibu kwa uangalifu kuliko siku ya mtihani. Aliuliza kila kitu, mpaka dayodi. Mwisho akasema, "Nimeridhika." Nilikwenda chooni nikalia kidogo, halafu nikarudi kazini.

Sasa, Baba, wewe huna leseni na usianze kunieleza kwamba umesoma vitabu. Atakayeirusha ni Kapteni Ritha. Nilifanya naye kazi hapa kabla hajahamia Dar. Ameshajaribu ndege nyingi zilizotoka matengenezo, ni mwangalifu, haongei sana, na hapendi kubembelezwa. Siku ya kwanza ataruka peke yake. Wewe utasimama chini. Akikuambia kaa nyuma ya mstari, unakaa nyuma ya mstari.

Nitakuwa nimeshika simu mkononi siku nzima. Siku hiyo tu, nipigie, sitagombana.

Mwanao,
Rahaf


Kariakoo
15 Februari 2024

Rahaf wangu,

Assalaam aleikum. U hali gani? Sisi wazima. Kwenye simu nilishindwa kusema chochote cha maana, ulisikia kilio tu na upepo wa kiwanja cha ndege, acha niandike.

Ritha alikuja na thermos ya chai na hakuinywa. Aliizunguka ndege, akashika kila kitu kwa mkono. Kisha akaingia, na mimi nikasimama nyuma ya mstari na Madhuben. Nilimwona kupitia kioo anagusa swichi zako. Swichi kuu. Pampu. Akabonyeza stata, pangaboi likazunguka, injini ikashika, akaachia. Madhuben alikuwa amenishika mkono wa shati, na nilijua anawaza nini, maana na mimi nilikuwa nawaza hilohilo. Nikamwambia, "Sasa hivi stata imeshajiachia, inayozungusha ni injini yenyewe." Akasema, "Najua, Rahaf alinieleza." Lakini shati hakuliachia.

Iliruka. Hakuna maneno mengine, mwanangu, iliruka. Alumini niliyoikunja uani kwangu ilipita juu ya vichwa vyetu. Nilitegemea nitapiga takbiri, nitaruka, nitacheza. Sikufanya hata kimoja. Nilikaa chini kwenye majani nikamtaja mama yako kwa jina, Nunu, nikamlilia. Madhuben akakaa chini na sari yake nzuri, akamlilia na yeye, halafu akamlilia na Harilal wake, tukawa wazee wawili tunalia kiwanjani na ndege inazunguka juu.

Ritha alipotua akatukuta hivyo. Akauliza, "Kuna mtu kaumia?" Nikamwambia hapana, kapteni, tumechelewa tu kidogo.

Nilichokunyima wewe siku ile ya arobaini, nimekitoa kiwanjani. Ningependa ungekuwepo.

Baba yako,
Mbaruk


Mwanza
2 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu, kama ilivyostahili. Mimi mzima.

Hukuchelewa. Na mimi nimelia huku, kwa hiyo tulikuwa pamoja hata kama basi lilichelewesha barua.

Likizo sina mpaka mwakani, nilizimaliza zote kwako na sijutii. Kitambaa changu bado kiko kwa Mama Madhuben. Nyumba nimehamia mpya, ina chumba cha ziada, kina dirisha linaloangalia uwanja wa ndege. Nimeweka kitanda. Sijui nimemwekea nani.

Ritha ameniambia ndege imeshatimiza saa zake za majaribio karibu zote, na haijasumbua umeme hata mara moja. Ameniambia na jambo jingine, akasema nisikuulize. Basi sikuulizi.

Mwanao,
Rahaf


Dodoma, uwanjani
22 Juni 2024

Mwanangu Rahaf,

Assalaam aleikum. Barua hii haina kondakta. Naandikia gotini, Ritha anajaza mafuta. Tumeondoka Dar asubuhi. Mimi mzima. Kazi yangu ni pampu. Ritha akisema "Pampu," mimi nawasha, akisema "Zima," nazima. Hajalazimika kurudia hata mara moja. Madhuben nilimpa nafasi hii yeye kwanza, akasema amezaliwa chini na atabaki chini, lakini kitambaa chako amenipa. Amekifunga kwa karatasi mbili na ametia na vitumbua.


Tabora

Tumetua tena. Mwanangu, nchi hii ni kubwa! Miaka yote nimekaa mtaa mmoja nikiuza spea za magari yanayokwenda mbali. Vitumbua nimekula viwili, Ritha vitatu. Amecheka leo kwa mara ya kwanza, nilipomuuliza kama huko juu kuna matuta ya barabarani. Nikifika nataka kukaa kwenye hicho chumba siku nyingi, kama hutachoka. Duka nimemwachia Madhuben ufunguo. Tutagombana, najua. Lakini tugombane tukiwa mezani.


Mwanza

Tumetua. Ritha ameniambia nibaki nimekaa mpaka pangaboi lisimame kabisa, nami nimetii. Ziwa linang'aa mpaka linauma. Kuna watu wamesimama mbele ya karakana, wote wamevaa ovaroli za aina moja, na mmoja ametoka mbio. Amesahau kuvua glavu zake. Anakimbia kama mtoto aliyeitwa nyumbani, na wenzake wanampigia makofi.

Pangaboi limesimama. Naacha kuandika, nahitaji mikono yote miwili kufungua mkanda.

Baba yako